Dakika Kumi na Moja za Mzee Kapela

"Usimchukulie mama Shija dakika zake," Lugendo aliniambia. "Kama ni kamba, basi iwe kamba."

Alilisema hilo huku akikuna ukurutu wa mkononi, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa ugali. Ana miaka ishirini na miwili. Mimi nimetetea watu kumi na mmoja wa kesi za kunyongwa, na wanne kati yao nimesaini mwenyewe karatasi ya kupokea viatu vyao, maana ndugu hawakutokea. Viatu hivyo viko nyumbani kwangu, ndani ya boksi, juu ya kabati. Mtu akiniambia "iwe kamba" huwa sioni ushujaa wowote. Naona boksi linajaa.

"Umenisikia, wakili?"

"Nimekusikia. Sijakubali."

Chumba cha mawakili pale gerezani kina meza moja na viti viwili vilivyopigiliwa sakafuni kwa zege. Nilifungua faili nikamsomea tena, taratibu, kwa sababu kuna mambo mtu lazima ayasikie mara mbili ndipo yaingie. Punje ya marehemu Kapela Masanilo, mfuga nyuki, umri miaka sitini na tisa. Jumla ya dakika: sitini. Zilizotumiwa na upande wa serikali: thelathini na moja. Zilizotumiwa na mrithi, yaani mjane: kumi na nane. Zilizobaki: kumi na moja.

"Kumi na moja ni nyingi," nilimwambia. "Mtu anaweza kuokoka kwa dakika moja."

"Ni za mama Shija."

Hapo hakukosea. Punje tunawekewa wote nyuma ya sikio, siku moja na kitambulisho cha taifa, tukitimiza miaka kumi na minane. Mtu akifa inatolewa kabla mwili haujapoa, na ikichomekwa kwenye mashine inaamka inaongea, kwa sauti yake, akili yake, na ukali wake kama alikuwa mkali. Hicho kinachoongea sheria inakiita kivuli. Lakini punje inapoamka inaungua, na dakika sitini zikiisha inabaki majivu ya kujaza ncha ya sindano. Serikali inachukua za kwake mtu akiwa ameuawa. Zinazobaki ni za familia, kuongea naye wanavyotaka. Ila kuna kifungu kimoja, na mimi ndicho kinachonilisha: kesi ikiwa ya kunyongwa, utetezi unaweza kuziomba zilizobaki, mrithi akiweka dole gumba.

Mzee Kapela alishaongea mahakamani mwezi uliopita, akiulizwa na wakili wa serikali, kijana mmoja wa mjini anayeitwa Sizya. Nani alikusukuma? Lugendo. Mlikuwa mnagombana? Ndiyo. Alijua kwamba nyuma yako kuna mwamba? Anapajua. Maswali zaidi ya hamsini, majibu ya neno moja moja. Mwisho akaulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana. Na kwa sheria yetu ya sasa neno la maiti ni zito kuliko la mtu hai, maana maiti, wanasema, hana sababu ya kudanganya.

Lugendo yeye alikuwa na maneno yake, na hakuwahi kuyabadilisha hata siku moja. Alifungua mzinga kabla ya siku waliyokubaliana. Mzee akaja, akauona, akapandwa na hasira, akamnyanyulia shoka. Lugendo akamsukuma. "Nilimsukuma, wakili, sikatai. Ila shoka lilikuwa juu ya kichwa changu."

"Sasa mbona mzee hakusema habari ya shoka?"

"Hakuulizwa."

"Aliulizwa kama ana la kuongeza."

Lugendo akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu nimjue. "Yule wakili wa serikali alimsalimia?"

Nikarudi ukurasa wa kwanza wa mahojiano. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: Taja jina lako kamili.

"Basi," Lugendo alisema. "Mzee Kapela usipomsalimia hakwambii kitu. Kuna bwana nyuki alikuja na pikipiki kutoka wilayani, hata hajashuka anauliza mizinga mingapi. Mzee akamjibu, ipo. Asali je? Ipo. Magonjwa? Yapo. Yule bwana alirudi mjini na hizo ipo zake." Kisha akaanza tena kukuna ule mkono. "Mama Shija amenilisha miaka sita, wakili. Nimemuulia mume. Sasa nimnyang'anye na sauti?"

"Mimi si wakili wa mama Shija," nilimjibu.

Ni kweli, na niliona aibu kuitamka.

*

Mama Shija alikuwa barazani anachambua choroko. Nilipiga hodi, nikasalimia, nikakaa kwenye kigoda alichonionyesha, nikaanza kuchambua naye. Nimejifunza kwamba ukienda nyumbani kwa aliyeuawa kumwombea aliyeua, mikono yako iwe na kazi. Hakuniuliza nimefuata nini. Kwenye mji ule mdogo gari la wakili linajulikana tangu njia panda.

"Lugendo anakula?" aliniuliza baada ya muda.

"Anakula kidogo."

"Hapendi maharage. Wakimpa maharage hali." Akapuliza maganda. "Nilikuwa namtengea choroko."

Nilimuuliza kama anataka Lugendo anyongwe. Akasema hataki kitu chochote, anataka mume wake. Ndipo nikamweleza habari ya kusalimiwa na kutosalimiwa. Akaacha kuchambua, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Ndivyo alivyo."

Kisha akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye faili. Zile dakika kumi na nane alizitumia moja moja, kila Ijumaa, kwenye kibanda cha ofisi ya wilaya. Moja moja kwa sababu aliogopa zitaisha. Na punje kila inapoamka inaanzia palepale, haikumbuki kuamshwa kwa wiki iliyopita. Kwa hiyo kila Ijumaa mzee aliamka upya, akamsikia mkewe, akamsalimia upya. Mama Shija, hujambo? Watoto hawajambo? Kuku umewafungia? Mvua imenyesha huko? Na jirani yule mgonjwa, amepata nafuu? Mama Shija anajibu la kwanza, anajibu la pili, dakika imekwisha.

"Mara kumi na nane," alisema. "Hata siku moja sijafika baada ya salamu."

"Si ungechukua tano kwa pamoja, mama?"

"Ningezichukua tano, ningebaki na ngapi?" Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga wa shule. "Sasa nimeamua. Hizi zilizobaki nizichukue zote siku moja. Nataka nisikie ataniambia nini salamu zikiisha. Miaka arobaini na mmoja nimekaa naye. Kuna kitu alikuwa anataka kusema, namjua, sauti yake ikiwa na kitu naijua."

Nilitaka kuinuka niondoke. Nasema kweli. Lakini nilifikiria boksi juu ya kabati, nikakaa.

"Unahitaji ngapi?" aliniuliza mwenyewe.

"Nane."

"Unibakizie tatu."

"Nitakubakizia tatu, mama. Nakuahidi."

Siku ya kwanza kazini yule bibi aliyenifundisha kesi hizi aliniambia nisiwahi kumwahidi mtu yeyote chochote, si mteja, si mama wa mteja, sembuse mjane. Miaka kumi na minne nimelishika hilo. Siku ile sijui lilinitokaje. Mama Shija akafuta dole gumba kwenye kanga, akalibonyeza kwenye kioo nilichomshikia.

*

Usiku wa kuamkia kesi nilifanya mazoezi na saa mkononi. Salamu: dakika mbili na nusu. Ugomvi: tatu. Shoka: mbili. Nilijibu mwenyewe kwa sauti nzito, nikajiona hodari. Sikukumbuka kwamba aliyekuwa ananijibu ni mimi.

Mahakamani mrithi hukaa benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwenye spika, na haruhusiwi kutoa sauti. Kivuli hakitakiwi kujua kwamba kimekufa. Wale wa mwanzo walioambiwa walipiga kelele mpaka dakika zao zikaisha, na hakuna aliyepata cha maana. Kwa hiyo sheria imemwandikia karani uongo wa kusoma, na sisi sote tunausikiliza tumeinamisha vichwa. Ukutani pana saa inayohesabu kurudi nyuma. Anayeuliza ndiye peke yake anayeweza kusimamisha, kwa kusema "inatosha."

Jaji alinikumbusha: nane zangu, tatu za mrithi. Nikasema nimeelewa. Lugendo alikuwa kizimbani, hakuniangalia.

Karani akachomeka punje, saa ikaanza kushuka kutoka kumi na moja. Kikohozi kikasikika, kikavu, cha mzee kabisa. Mama Shija akashika benchi kwa mikono miwili.

"Mzee, uko zahanati," karani alisoma. "Umeumia kidogo, macho yamefungwa bandeji. Usiwe na wasiwasi."

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Mzee akaitikia: "Marahaba. Hujambo, binti?"

"Sijambo, mzee. Pole na kuumia."

"Nimeshapoa. Wewe ni binti wa nani?"

"Naitwa Nyanzala, mzee. Binti wa Malando, wa kule Ndala."

"Malando." Sauti ikachangamka. "Malando yupi? Wa mashine ya kukoboa?"

Hilo halikuwemo kwenye mazoezi. "Ndiye, mzee."

"Nilikoboa kwake mwaka ule wa njaa. Mtu mzuri. Yeye hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Hajambo, mzee."

Mama yangu ana miaka mitano kaburini. Ukiulizwa kwenye salamu kama mama hajambo, unajibu hajambo, mengine yanafuata baadaye. Mzee akaendelea. Akauliza wadogo zangu. Akauliza mvua za Ndala, akauliza kama ule mto bado unakata barabara. Akauliza kama nimeolewa, nikasema nimeolewa, akauliza wa kwao wapi. Saa ukutani ilisema saba na sekunde kumi. Sizya alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu.

Mimi najua kukatisha watu. Nimekatisha askari polisi, nimekatisha madaktari, siku moja nilimkatisha askofu. Nilifungua mdomo nimkatishe mzee Kapela, ukakataa. Na hata ungekubali, angenijibu "ipo" mpaka mwisho. Nilijua, nikasimama pale namjibu habari za mto.

Ikafika tano na nusu ndipo aliposema mwenyewe: "Haya, binti wa Malando. Una shida gani?"

"Nimekuja kwa habari za Lugendo, mzee."

"Lugendo." Akavuta pumzi. "Kijana wangu yule. Amekula?"

Kizimbani Lugendo aliweka paji la uso kwenye mbao za mbele yake, akabaki hivyo. Karani mwenyewe aliacha kuandika.

"Amekula, mzee. Ninataka unieleze ule ugomvi wenu."

"Nakuja huko. Yule mtoto alikuja kwangu hana hata kandambili." Na akaanzia hapo. Miaka sita nyuma, kandambili, homa aliyougua Lugendo msimu wa kwanza, jinsi alivyoogopa nyuki. Nne. Tatu na nusu. Nikasema, mzee, siku ile mzingani. Akasema, ndiyo, siku ile, nilifika nikaukuta umefunguliwa.

Karani akanyanyua mkono. Saa ilisoma tatu kamili.

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema inatosha. Neno moja tu. Mwanamke aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu alikuwa amenipa nane, na nane nilikuwa nimezila, tano na nusu kwa kumwambia mumewe habari za mto. Na shoka bado halijatajwa. Nikisimama hapo, Lugendo ananyongwa. Niliangalia kizimbani. Benchi la mbele sikuliangalia, na sitadanganya kwamba nilisahau. Niliogopa.

"Endelea, mzee," nilisema.

Jaji akaandika kitu. Mzee akaendelea, kwa mwendo wake. Mzinga ulikuwa na majimaji bado, asali haijaiva, hasara. Alimwita Lugendo, Lugendo akajibu kwa kiburi, "kiburi kidogo cha ujana, binti, si kikubwa." Mbili. Moja na nusu.

"Sasa mimi nina ugonjwa wa hasira," alisema, na sauti ikashuka. "Akija wakili, sijui askari, sijui nani, simwambii mtu nisiyemjua. Wewe ni wa nyumbani. Nilinyanyua shoka. Nilimnyanyulia mtoto wa watu shoka, nikawa nalishusha kichwani kwake. Akanisukuma, nikaanguka huko. Asingenisukuma, ningekuwa nimeua mimi."

Nikaangalia saa. Sekunde ishirini na mbili.

Nilikuwa nimepata. Ningesema inatosha zingebaki ishirini za mama Shija, na ishirini hazifiki hata kwa kuku. Nilifumbua mdomo. Mzee akaniwahi.

"Binti, ukitoka hapo nje, mke wangu lazima yuko hapo, namjua. Mwambie mama Shija..."

Nikafumba mdomo. Nilifikiri: ndilo hili, la baada ya salamu, mwache aseme, mwenyewe anasikia. Kumi na moja. Mzee akanyamaza kidogo, kama wazee wanavyonyamaza wakitafuta neno lililo sawa. Nane. Alivuta pumzi. Tano. Nikasikia mate yakimezwa.

"Mwambie," alisema tena.

Saa ikasoma sifuri. Karani akachomoa punje, akaifungia kwenye karatasi, akaiandikia namba.

*

Hukumu ikawa ya kuua bila kukusudia. Miaka kumi na miwili. Kwa kazi yangu huo ni ushindi, na wenzangu walinipigia simu siku nzima. Lugendo alipokuwa anatolewa alisimama mbele yangu, pingu mkononi.

"Zimebaki ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaondoka na askari. Mpaka leo nikienda kumtembelea ananiuliza afya, ananiuliza mvua, hataji kesi.

Kwa mama Shija nilikwenda Ijumaa iliyofuata. Nilijua atakuwa nyumbani, kwa sababu hakuwa tena na pa kwenda siku hiyo. Alinipa kigoda kilekile. Choroko zilikuwa zimeisha, alikuwa hana anachochambua, na mikono yetu ilikaa mapajani.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilikuahidi tatu."

"Uliniahidi."

"Ningeweza kumkatisha kwenye salamu. Nilishindwa."

"Ungemkatisha asingesema," alijibu. "Na hata angesema, asingekuwa yeye. Nilikuwa nimekukasirikia siku tatu. Leo ya nne nimechoka. Lakini usidhani nimesamehe, bado sijafika huko."

"Sawa, mama."

"Wewe ni mtu wa maneno. Unadhani alitaka kuniambia nini?"

Ningeweza kumtungia. Miaka kumi na minne nasimama mbele ya majaji nawatungia watu maneno ya kuwaokoa, na yanakubalika. Nilikuwa nayo matatu manne mazuri tayari, mengine yangemliza na kumponya. Niliyameza.

"Sijui, mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nilihisi angenifukuza kama ningejibu vingine.

"Na mama yako?" aliniuliza baadaye. "Ulimwambia hajambo. Wewe jicho lako halikusema hivyo, nilikuwa nakuona."

"Alifariki. Mwaka wa tano huu."

"Dakika zake?"

"Nilizimaliza mchana mmoja, zote sitini. Nilikuwa namuuliza kama anaumwa. Anasema haumwi. Namuuliza tena."

Mama Shija hakusema pole. Alisogeza kigoda chake kikagusana na changu, tukakaa hivyo tunaangalia kuku, mpaka jua likawa la kuondokea. Nilipoinuka alinisindikiza hadi kwenye gari, akanisubiri nifunge mkanda, akainama dirishani.

"Haya, safari njema," alisema. "Nyumbani wasalimie. Mama msalimie sana."

"Zimefika, mama," nilimjibu.